Nyigu Wetu Walikuwa na Virusi

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuwapikia viwavi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani Likoni mwaka mzima nikimsaidia mama shambani, hadi bwana mmoja wa kilimo alipopita akiuliza kama mtaani kuna msichana anayejua kusoma mizani na asiyeogopa wadudu. Mama akamwambia yupo. Kuhusu wadudu mimi sikuulizwa.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mahali pa kazi palikuwa nyumba ya kukodi yenye vyumba vitatu, upande wa Mtongwe, na mwenye nyumba alidhani tunafuga kuku. Chumba cha kwanza kilikuwa jikoni. Humo nilichemsha unga wa maharagwe, hamira, majani ya mahindi yaliyokaushwa na kusagwa, na unga wa mwani wa kugandishia, nikamimina kwenye chupa za kioo. Chakula hicho kikipoa kilikuwa kama halua iliyomshinda mpishi. Chumba cha pili kilikuwa cha viwavi, ambao walikula halua hiyo bila kulalamika, jambo ambalo mama alisema halijapata kutokea kwa chakula changu chochote. Chumba cha tatu, chenye milango miwili iliyofuatana ili asitoroke mtu, kilikuwa cha nyigu.

Tulikuwa watu watatu. Daktari wetu alikuwa mwanamama wa bara, daktari wa wadudu, si wa watu, ingawa wiki ya kwanza walikuja wagonjwa wawili wakapanga foleni mlangoni. Kiswahili chake kilikuwa sahihi na hakina haraka, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Wa pili alikuwa dereva, naye mtu wa bara, aliyekuwa akiingia chumba cha nyigu kwa amri tu. Wa tatu mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Viwavi wale ndio wanaotoboa mabua ya mahindi na kula moyo wake, na pwani nzima watu walikuwa wakivuna nusu ya walichopanda. Daktari alinieleza kwamba mdudu yule asili yake ni Asia. Aliingia kwetu miaka mingi nyuma, na alipokuja hakuja na adui yake. Sasa adui ameletwa kwa ndege ndani ya kisanduku. Adui huyo ni nyigu mweusi, mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye hang'ati watu wala hajui kama watu wapo. Mimi nilimshika kiwavi kwa kibano nikamwonyesha nyigu jike. Nyigu alimpanda, akamchoma mara moja, na kwa muda wa kupepesa jicho mayai arobaini hivi yakawa ndani. Kiwavi nilimrudisha kwenye halua yake akaendelea kula. Siku kumi au kumi na mbili baadaye watoto wa nyigu walimtoboa ubavuni wakatoka wote pamoja, wakasokota vifuko vyeupe kama pamba. Kiwavi alibaki pembeni akiwa ganda.

Kilichonisumbua ni kwamba hakupigana. Mtu akiingiwa na mwiba tu mguu huvimba, lakini kiwavi ametiwa mayai arobaini na hana habari. Nikamuuliza daktari.

Alifurahi kuulizwa, nadhani kwa sababu dereva alikuwa hajauliza kitu tangu aajiriwe. Alinikalisha kwenye hadubini. Alisema kiwavi naye ana askari wake, chembe za damu, ambazo kwa kawaida zikiona kitu kigeni hukizunguka na kukifunika mpaka kife. Lakini nyigu hatii mayai peke yake. Katika mfuko wake wa mayai kuna virusi, na kila yai huingia na virusi vyake. Virusi hivyo huwavuruga wale askari wasijue la kufanya, na mayai hubaki salama. Nje ya nyigu havizaani. Nyigu huzaliwa navyo, mama hadi mtoto, na havimdhuru kitu. Kisha akanionyesha kiwavi wa aina nyingine aliyetolewa milima ya bara, aliyechomwa na nyigu yule yule. Mayai yake yalikuwa yamefunikwa yote, meusi, yamekufa. Kwa kiwavi huyo virusi havikufua dafu. Dereva alipopata habari kwamba kiwavi wa kwao amekataa, alitembea siku nzima akiwa na furaha ambayo hakutaka kuieleza.

Mimi nililibeba jambo lile hadi nyumbani kama zawadi. Jumamosi mchana, tukila wali kwa mchuzi wa papa, mimi, mama na shangazi zangu wawili, nikawaeleza tangu mwanzo mpaka mwisho. Nilieleza vizuri. Nilisema neno virusi labda mara sita.

Mama aliacha kula. "Hao wadudu wana virusi," alisema, "na wewe wala kwenye sahani zangu?"

Inafaa nieleze kwamba miaka ile neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Lilitoka redioni, na kila lilipotajwa lilifuatwa na maneno "vya ukimwi", hata watu wakaacha kumalizia kwa sababu hapakuwa na haja. Nilimwambia mama kwamba virusi viko vya aina nyingi, kama ndege. Alinijibu kwamba hata ndege wengine wana sumu. Sijui ni ndege gani, na sikuuliza. Shangazi mmoja alinyanyuka akaenda kunawa mikono mara ya pili.

Kufikia Ijumaa iliyofuata Likoni yote ya upande wetu ilijua kwamba wale wa nyumba ya kuku wanataka kuachia mashambani nyigu wenye virusi. Daktari alikuwa amepata familia tano zilizokubali nyigu waachiwe kwenye mashamba yao msimu ule, na mama yangu alikuwa mmoja. Familia mbili zilituma ujumbe kwamba zimebadili nia. Ya tatu ilisema inasubiri mume arudi, naye mume tulimwona kila siku sokoni. Ya nne haikusema kitu, ila tulipofika tulikuta lango limefungwa kwa kamba. Mama alikuwa wa mwisho. Aliniambia ana mapenzi nami, lakini shamba ni lake.

Nilikwenda kumwambia daktari kwamba kosa ni langu. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata chupa zangu nilikuwa nimezipanga. Alinisikiliza, akasema, "Uliyowaambia ni kweli. Sasa tutawaambia tena, polepole."

Dereva alikuwa na ushauri mwingine. Alisema tuwaambie ni dawa, watu wa pwani wanapenda dawa. Daktari alimjibu kwamba tukisema dawa watauliza inaponya nini.

Mkutano ulifanywa katika darasa la shule ya msingi, na mimi nilikuwa mfasiri, kwa maana Kiswahili cha daktari watu walikielewa lakini walisema kinawachosha. Nakiri nilitetereka. Nilipofika pale kwenye virusi nikasema nyigu hutia mayai pamoja na utomvu wake. Daktari alinitazama lakini hakuingilia. Basi akasimama mzee mmoja aliyekuwa na shamba karibu na barabara, akanisalimia kwa heshima, akamuulizia mama, akaulizia wajomba, kisha akauliza kama utomvu huo ndio ule ambao wiki iliyopita nilikuwa nikiuita virusi.

Nikasema ndio huo.

Akasema ahsante, akaketi. Hapakuwa na swali jingine. Watu walishukuru, wakaondoka kwa utaratibu, na darasani tukabaki sisi watatu na ubao wenye hesabu za watoto za kugawanya.

Sasa niseme kuhusu jirani yetu. Shamba lake na la mama yalitenganishwa na ua wa makuti. Alikuwa kaka wa miaka thelathini hivi, mtoto pekee wa mama yake mjane, na alikuwa amefanya kazi miaka saba katika hoteli moja huko Shanzu, upande wa kufua na kukunja mashuka. Mwaka mmoja kabla alikuwa amerudi kwao kwa feri na mfuko mmoja. Alikuwa amekonda. Hakuna aliyesema kitu. Ila njia ya kwenda kisimani, ambayo tangu nizaliwe ilipita uani kwao, ilihama. Watu walikanyaga nyingine ya kuzunguka kwenye mikorosho. Njia hiyo mpya iliongeza dakika nne. Nilizipima, maana nami niliipita. Mama yake alipopeleka mihogo sokoni aliirudisha yote.

Siku mbili baada ya mkutano nilikuwa ninapalilia na mama, na yule kaka akaniita kutoka ng'ambo ya ua.

"Dada."

"Abee."

Nikasogea. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, shuka begani ingawa jua lilikuwa kali. Aliuliza kama ni kweli kwamba nyigu wetu wana virusi. Nikamwambia ni kweli. Akauliza mbona wenyewe hawafi, nikamweleza kwamba wanazaliwa navyo na wanaishi navyo salama.

"Na kiwavi je? Ndivyo vinavyomuua?"

"La," nikasema. "Vinawaondoa askari wake tu. Vikishawaondoa, watoto wa nyigu wanamla."

Akalivuta shuka begani. "Basi ni kama vyangu. Daktari wa hospitali aliniambia hivyo hivyo. Vyenyewe havinimalizi. Vinaondoa walinzi, halafu kifua kinaingia."

Katika mtaa wetu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu akilitamka jambo hilo kuhusu nafsi yake. Nikasema, "Ndio."

"Walete hao wadudu huku kwetu," akasema. "Hakuna anayepita. Mama nimeshamwambia."

Nikamuuliza kwa nini anataka, pengine kwa sauti iliyoonyesha kwamba nadhani ana sababu kubwa. Aliniangalia kama muuzaji anavyomwangalia mteja mgumu. "Mahindi yetu yanaliwa kama ya watu wengine," alisema.

Daktari nilipompa habari aliuliza ukubwa wa shamba na umri wa mahindi. Ugonjwa hakuuliza, na nilipoanza kuueleza alisema hausiani na mabua.

Tulipeleka nyigu asubuhi, kabla ya jua kupanda, katika vikombe vya plastiki vilivyofunikwa kitambaa. Tulivitundika kwenye mahindi yaliyofika kifuani, tukafungua, nao wakatoka mmoja mmoja wakajipangusa antena. Si tamasha. Ukiwa hujaambiwa utadhani ni vumbi. Nyuma ya ua niliona vichwa viwili vya majirani waliosimama wakitazama, na mmoja alikuwa amejifunika kanga mpaka puani.

Tulipomaliza, mama yake alikuwa ametandika mkeka na kutuandalia chai na mihogo ya kuchemsha. Dereva alisema amekwisha kunywa. Daktari aliketi, akasema bismillahi ingawa hakuwa Mwislamu, akachukua kikombe akanywa. Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Nilijua, kuliko mtu yeyote katika mtaa ule, nini hupita kwenye kikombe na nini hakipiti. Mama nilikuwa nimemweleza mwenyewe kwamba virusi viko vya aina nyingi. Na bado niliutazama ukingo wa kile kikombe. Kaka yule aliniona ninavyoutazama, kisha akageuka akaanza kumenya muhogo ambao ulikuwa umekwisha kumenywa.

Nilikunywa. Lakini nilikunywa wa pili, baada ya daktari, na jambo hilo nimelibeba tangu siku hiyo.

Kila wiki tulirudi kukata mabua machache, tukayapasua tuone waliomo. Kuanzia wiki ya pili aliomba kisu apasue naye. Mikono yake ilikuwa na adabu ya kazi. Bua alilipasua katikati sawasawa kama mtu anayekunjua shuka, bila kumkata kiwavi aliye ndani. Dereva alikata viwavi wengi kuliko waliokufa kwa nyigu. Tulikaa kwenye mkeka, mimi ninaandika, yeye anasema: mzima, mzima, tupu, mzima. Alinisimulia kwamba hotelini mashuka yaliyotoboka hukatwa yakawa foronya, na foronya zikichakaa huwa vitambaa vya kufutia vioo, na kwamba kwa miaka saba hakuwahi kuona kitu kimetupwa isipokuwa yeye. Alilisema hilo bila kubadili sauti, akachukua bua jingine.

Wiki ya nne alinyamaza katikati ya kuhesabu. Ndani ya bua, kwenye njia aliyochimba kiwavi, palikuwa na kifungu cha vifuko vyeupe, vidogo, vimebanana. Aliniletea bua zima kwa mikono miwili. Daktari alilitazama kwa lenzi muda mrefu, akaniambia niandike saa. Kisha alimpa mama mwenye shamba mkono wa hongera kama wanavyopewa wazazi wa bwana harusi, na yule mama aliupokea hivyo hivyo, akaniuliza baadaye kwa siri wamefanya nini.

Nyigu hawajui ua wa makuti. Mavuno yalipokaribia, vifuko vile tulivipata kwa mama yangu, kisha katika shamba lililofungwa kwa kamba. Nilimwambia mama. Alikwenda kuangalia mwenyewe, akapasua mabua matatu, akavikuta.

"Mimi sikuwapa ruhusa," alisema.

Nikamwambia najua. Akasema basi atakwenda kulalamika, akavaa buibui lake, akaenda ng'ambo kwa jirani akiwa amekaza uso. Alikaa huko hadi adhana ya alasiri. Aliporudi alikuwa amebeba bakuli la mbaazi, na alitupakulia sote tukala, na shangazi aliyeinuka siku ile kwenda kunawa alikula pia, kwa sababu mama alikuwa akimtazama. Tangu hapo mama alipokwenda kisimani alipita uani kwao. Wengine walifuata mmoja mmoja, hasa walipokuwa wamebeba ndoo mbili.

Sitasema mavuno ya mwaka ule yalikuwa makubwa. Daktari alinionya nisiseme hivyo, kwa kuwa nyigu huchukua misimu kadhaa kuenea. Yalikuwa mahindi. Ila yule mzee wa mkutano alimtuma mtu nyumbani kuuliza kama wale wadudu wenye utomvu wanaweza kufika kwake, na nilimjibu kwamba wamekwisha kufika.

Kaka alifariki wakati wa vuli. Ilisemwa ni kifua, na kwa kuwa kifua nacho kilikuwa kweli, hakuna aliyesema uongo. Asubuhi ile waoshaji wa maiti walikuwa watatu, watu wazima wanaojua kazi yao, lakini walikaa nje ya chumba kwa muda wakizungumza kuhusu maji, kama ni moto au si moto. Mwishowe mmoja wao alimwita mama pembeni, na mama akaja kwangu. Aliuliza kama kule kazini tuna glavu.

Nilikwenda mbio. Nilimkuta daktari akipima unga. Nilimwambia nataka boksi la glavu na sababu yake. Alilitoa kabatini, akaongeza la pili, akafungua daftari la vifaa na kuniambia niandike matumizi ya kawaida ya maabara. Nikaandika hivyo, nikatia sahihi. Kisha alivua koti lake jeupe akaja nami, na alikaa na wanawake jamvini mpaka maziko yakaisha, ameshika tasbihi aliyopewa na mtu, bila kujua aifanye nini.

Mwaka uliofuata mradi ulihamishiwa mji mwingine. Daktari alitangulia. Mimi na dereva tuliachiwa kufunga nyumba. Agizo la mwisho lilikuwa kuwaachia nyigu waliobaki, kwa vile hapangekuwa na wa kuwalisha. Nilifungua milango yote miwili ya chumba cha tatu, nikafungua na dirisha, nikainua kitambaa cha kizimba. Hawakutoka. Walikwenda wote kwenye kona yenye mwanga wakakaa pale wakijipangusa. Nilingoja nusu saa. Dereva alichungulia, akaniuliza kama wamekwenda, nikamwambia bado. Ikabidi nikibebe kizimba mpaka uani na kukikung'uta kama mtu anayekung'uta mkeka, mara tatu au nne. Kisha nikaosha chupa, thelathini na mbili, nikazipindua zikauke, na ufunguo nikampelekea mwenye nyumba. Aliniuliza kama kuku waliuzika vizuri.